Saa Moja ya Safari: Ufafanuzi Kuhusu Maziko ya Wabaha'i

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi juu ya Ziwa Victoria lifunguliwe mwaka 2025, swali limekuwa hilohilo kila panapotokea msiba wa Mbaha'i, yaani mfuasi wa dini ya Kibaha'i, hapa Mwanza: sasa gari linavuka bila kungoja kivuko, kwa nini tusimpeleke marehemu nyumbani? Ni heri jambo hili lielezwe mapema, maana kulieleza mlangoni mwa mochwari, ukoo umeshakodi gari, hakumsaidii mtu.

Sheria yenyewe ni fupi. Kitáb-i-Aqdas, kitabu cha sheria cha Bahá'u'lláh, mwanzilishi wa dini yetu, kinakataza kuisafirisha maiti zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka mji aliofia mtu. Saa hiyo huhesabiwa kuanzia mpaka wa mji hadi kaburini, si kuanzia hospitali, na chombo chochote cha usafiri kinaruhusiwa. Inahusu nchi kavu na majini vilevile. Ndugu zetu wa visiwani wasidhani ziwa limesahauliwa. Kwa hiyo aliyefia Mwanza mjini anaweza kuzikwa Busisi, na hapo daraja limesaidia kweli. Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa meli, hapana. Tarime, hapana, hata dereva awe nani.

Najua panapouma. Wagonjwa wa Geita, Simiyu, Mara na Ukerewe huletwa hospitali ya Bugando hapa Mwanza kwa rufaa, na wengine hufia hapo. Kwa Msukuma au Mkerewe, kumwacha mzee wake katika makaburi ya mjini, mbali na kaburi la baba yake, ni kama kumtupa. Nimeambiwa hivyo usoni, na sikuwa na jibu la kumfuta mtu machozi. Lakini mwaka 1957 Shoghi Effendi, Mlinzi wa Imani, yaani kiongozi wa dini yetu duniani kote, alifariki London akiwa safarini. Makao yake yalikuwa Haifa, na walioweza kugharamia safari hawakukosekana. Alizikwa London, na kaburi lake liko huko mpaka leo. Tunafundisha kila siku kwamba dunia ni nchi moja na wanadamu ni raia wake. Mimi sioni vipi fundisho hilo liishie kwenye hotuba, halafu udongo wa Mwanza uwe ugenini.

Mengine kwa ufupi. Mwili hauchomwi moto, wala hautiwi dawa ya kuhifadhi isipokuwa sheria ya nchi imelazimisha. Kwa marehemu aliyetimiza miaka 15, Sala ya Marehemu husomwa na muumini mmoja, mwanamume au mwanamke, wengine wakiwa wamesimama kimya. Hakuna wa kungojwa, kwa sababu hatuna makasisi. (Na hapana, sisi si dhehebu la Kiislamu. Wala hatumzuii paroko au sheikh wa familia kuomba dua zake. Ningeshukuru swali hili likipumzishwa.)

Utaratibu ni huu. Kifo kikitokea hospitalini, hospitali hutoa taarifa ya kifo. Kikitokea nyumbani, Afisa Mtendaji wa kijiji au kata ajulishwe. Pateni kibali cha mazishi, na kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Kisha mjulisheni katibu wa Baraza la Kiroho la Mahali, chombo kinachochaguliwa na Wabaha'i wa mahali kuendesha mambo yao. Baraza lina wajumbe 9, na wakitimia 5 kikao kinaweza kuamua. Mjumbe mmoja, mimi nikiwemo, hana mamlaka ya kuruhusu wala kukataza kwa simu, hata apigiwe usiku wa manane. Makala hii nayo ni maelezo ya jumla, si uamuzi juu ya msiba wowote.

Wengine huuliza: tukimsafirisha, mtatufanya nini? Hakuna faini. Baraza halina nguvu juu ya ndugu wasio Wabaha'i, na kugombania maiti si njia yetu. Mbaha'i anayevunja sheria za dini waziwazi, na akaendelea hata baada ya kuonywa, Baraza la Kiroho la Taifa laweza kumwondolea haki za kiutawala. Hapo hapigi kura wala hachaguliwi, haingii Karamu ya Siku Kumi na Tisa (mkutano wa waumini wa kila siku 19), wala hachangii mfuko. Sala na saumu hakuna anayemnyang'anya.

Ugomvi mwingi ninaouona unatokana na ukimya wa marehemu mwenyewe. Kila Mbaha'i ameamriwa kuandika wosia, na wengi hawajaandika. Kwa sheria za kimila za mwaka 1963, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mrithi asiwe shahidi. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, hupokea wosia na kuuhifadhi.

Ila wosia kwa kawaida hufunguliwa baada ya maziko, na hapo sentensi kuhusu kaburi imeshachelewa. Basi andika mapenzi yako ya kuzikwa kwenye karatasi ya peke yake, weka saini, toa nakala tatu: ya mwenzi wako, ya mkubwa wa ukoo, na ya katibu. Isome mbele ya familia ungali mzima, wakubishie wewe mwenyewe. Asiyejua kuandika aje na mashahidi wake wanne, tutamwandikia.