Serikali kuu na majimbo ya Marekani: maana ya ushirikiano wao katika kulinda mazingira

Karibu kila mkazi wa Marekani yuko chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja: ya shirikisho, yenye makao Washington, na ya jimbo anakoishi. Linapokuja suala la kulinda hewa, maji na ardhi, serikali hizo hugawana kazi kwa utaratibu unaojirudia karibu katika kila sheria kubwa ya mazingira. Shirikisho linaweka kiwango cha chini cha usafi ambacho jimbo haliruhusiwi kukishusha. Jimbo likikubali, linapewa kazi yenyewe: kutoa vibali, kukagua viwanda, kupima maji, kutoza faini. Shirikisho linachangia fedha na kuendelea kusimamia, na jimbo likishindwa au likikataa, shirikisho linaingia na kuifanya kazi hiyo lenyewe. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayobeba utaratibu mzima. Ikilegea, yote yaliyotangulia yanabaki kwenye makaratasi.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, ulinzi wa mazingira ulikuwa zaidi mikononi mwa majimbo na miji. Jimbo lililotaka kuvibana viwanda liliogopa vitafunga virago na kuhamia kwa jirani, kwa hiyo mengi yalinyamaza. Mwezi Juni 1969, Mto Cuyahoga unaopita jijini Cleveland, jimbo la Ohio, uliwaka moto kwa sababu ya mafuta na taka zilizokuwa zikielea juu yake, na haikuwa mara ya kwanza mto huo kuwaka. Desemba 1970 Shirika la Kulinda Mazingira la shirikisho, linalojulikana zaidi kama EPA, likaanza kazi, na mwezi huohuo ikapitishwa sheria kali ya hewa safi. Sheria ya maji safi ilifuata 1972, ile ya maji salama ya kunywa 1974.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini Washington isiyaamuru tu majimbo? Jibu liko kwenye katiba. Majimbo ya Marekani si mikoa iliyo chini ya serikali kuu. Yana mamlaka yao yenyewe. Mwaka 1992, katika kesi iliyohusu taka za mionzi kati ya New York na serikali ya shirikisho, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba Bunge haliwezi kulilazimisha jimbo kutunga au kutekeleza sheria kwa niaba ya shirikisho. Kilichobaki ni kushawishi. Fedha ni njia mojawapo. Nyingine ni kuliambia jimbo: usipoifanya kazi hii, tutaifanya sisi, na viwanda vyako vitakuja kuomba vibali kwetu. Magavana wengi hawapendi hilo. Wanaona afadhali kiwanda kikaguliwe na ofisa wa jimbo anayeyajua mazingira ya kwao, kuliko mgeni wa Washington. Ndiyo maana karibu majimbo yote yamekubali kubeba mzigo. Kwenye maji ya kunywa, Wyoming peke yake ndiyo iliyoiachia EPA kazi hiyo. Kwenye vibali vya kumwaga majitaka mitoni, kufikia mwishoni mwa 2018 ni Massachusetts, New Hampshire na New Mexico tu zilizobaki chini ya EPA.

Kwa upande wa hewa, EPA inaweka viwango vya vichafuzi sita vya kawaida, vikiwemo vumbi laini, madini ya risasi na ozoni ya karibu na ardhi. Kila jimbo linaandika mpango wake wa kuvifikia na kuupeleka EPA ukaidhinishwe. Jimbo lisipoleta mpango unaotosha, EPA inaandika wake na kuutekeleza, na jimbo linaweza hata kunyimwa sehemu ya fedha za barabara.

Jimbo linaruhusiwa kwenda juu ya kiwango cha chini, isipokuwa pale sheria inapozuia. Moshi wa magari mapya ni eneo mojawapo lililozuiwa, ili watengenezaji wasilazimike kuunda gari tofauti kwa kila jimbo. California peke yake inaweza kuomba ruhusa ya kuweka masharti makali zaidi, kwa sababu ilikwisha anza kupambana na ukungu wa moshi wa Los Angeles kabla ya shirikisho kuchukua hatua, na majimbo mengine yanaweza kuyafuata masharti hayo. Juni 2025 rais alitia saini maazimio ya Bunge yaliyofuta baadhi ya ruhusa hizo, na California ikaenda mahakamani. Ni ushirikiano wenye kesi nyingi, na kwa maoni yangu kesi hizo si dalili mbaya. Hatari kubwa zaidi huja pale serikali hizi mbili zinapokaa kimya pamoja.

Flint, jimbo la Michigan, inaonyesha hilo vizuri kuliko maelezo yoyote. Wakati huo ulikuwa mji wa watu wapatao 100,000, wengi wao Wamarekani weusi, na sehemu kubwa maskini. Aprili 2014, ukiwa unaendeshwa na meneja wa dharura aliyeteuliwa na gavana, mji uliacha kununua maji ya Detroit na kuanza kutumia ya Mto Flint ili kuokoa fedha. Maji ya mto huo yalikuwa makali kwa mabomba, na dawa ya kuyakinga mabomba yasilike haikuwekwa. Mabomba ya zamani ya risasi yakaanza kumegukia ndani ya maji. Wakazi walibeba chupa za maji ya rangi ya kahawia hadi kwenye mikutano ya mji, wakaambiwa maji ni salama. Oktoba 2014 kampuni ya General Motors iliacha kuyatumia katika kiwanda chake cha injini mjini humo kwa sababu yalikuwa yakivitia kutu vipuri. Chuma kiliokolewa mapema. Watoto waliendelea kuyanywa kwa mwaka mzima zaidi.

Kisheria, Michigan ndiyo iliyokuwa na dhamana ya kusimamia maji hayo. Mwanzoni mwa 2015 EPA ilipouliza kama dawa ya kukinga mabomba inawekwa, idara ya mazingira ya jimbo ilijibu kwamba ipo. Haikuwepo. Juni mwaka huo mtaalamu wa maji wa EPA, Miguel Del Toral, aliwaandikia wakubwa wake kueleza hatari yote. Bado EPA iliendelea kujadiliana na jimbo. Ilibidi daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, aonyeshe hadharani mwezi Septemba kwamba risasi kwenye damu ya watoto imepanda, ndipo mwezi uliofuata mji ukarudi kwenye maji ya Detroit. Amri ya dharura ya EPA ilitoka Januari 2016. Mkaguzi wa ndani wa shirika hilohilo alisema baadaye kwamba lilikuwa na mamlaka na taarifa za kutosha kutoa amri hiyo tangu Juni 2015. Jimbo lilificha na shirikisho likasubiri. Ukiuliza utaratibu huu unavunjikia wapi, ni hapo: pale kila upande unapomtegea mwenzake.

Kuna mahali pengine ambapo bila shirikisho jambo lisingewezekana kabisa. Ghuba ya Chesapeake, kwenye pwani ya mashariki, inapokea maji kutoka majimbo sita na jiji la Washington. Mto Susquehanna peke yake huleta karibu nusu ya maji yasiyo na chumvi ya ghuba hiyo, na sehemu kubwa ya bonde lake iko Pennsylvania, jimbo ambalo halina hata hatua moja ya ufuo wa ghuba hiyo. Samadi na mbolea za mashamba huko husombwa na mvua, mwani hustawi, kisha ukioza humaliza oksijeni, na anayeumia ni mvuvi wa kaa na chaza wa Maryland na Virginia. Mwaka 2010 EPA iliweka kikomo cha jumla cha naitrojeni, fosforasi na tope linaloruhusiwa kuingia, kisha kila jimbo likaandika namna litakavyopunguza fungu lake. Vyama vya wakulima vilipinga mahakamani vikashindwa. Pennsylvania iliposuasua, mwaka 2020 Maryland, Virginia, Delaware na jiji la Washington waliishtaki EPA, si kwa kuwabana, bali kwa kushindwa kumbana jirani yao. Kesi hiyo ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2023.

Sheria zenyewe zilijua kwamba serikali zote mbili zinaweza kulala. Kwa hiyo sheria za hewa, maji safi na maji ya kunywa zinampa mwananchi haki ya kwenda mahakamani mwenyewe, kwa kawaida baada ya kutoa notisi ya siku 60 kwa EPA, kwa jimbo na kwa mchafuzi. Wakazi na mashirika ya Flint waliitumia haki hiyo Januari 2016, na makubaliano ya Machi 2017 yakalibana jimbo kugharimia uchimbuaji wa mabomba ya risasi mjini humo.

Kwa wasomaji wanaoishi Marekani, anayesambaza maji ya mtaa wenu anatakiwa kuwapa wateja wake taarifa ya ubora wa maji kila mwaka, kufikia tarehe 1 Julai. Isomeni, na angalieni mstari wa risasi. Maji yakibadilika rangi au harufu, anzeni na msambazaji, kisha idara ya mazingira au ya afya ya jimbo, maana karibu kote ndiyo yenye dhamana. Mkijibiwa kwamba kila kitu kiko sawa na bomba linaendelea kutoa maji machafu, andikieni ofisi ya EPA ya kanda yenu. Ziko 10 nchi nzima.