Mbona leo kimya? Maswali na majibu kuhusu urafiki wa wazee kwenye simu

Maswali haya ni ya wazee wa Lamu na watoto wao. Wengi wao wamo kwenye makundi ya WhatsApp ya marafiki wa tangu zamani: waliokaa chuo kimoja, waliovua pamoja, walioolewa mtaa mmoja.

Nyumbani nina watoto na wajukuu tele. Iweje daktari aniambie nina upweke?

Labda alikusudia ukiwa. Upweke ni kukaa peke yako. Ukiwa ni moyo kukosa mwenzake, hata nyumba ikijaa. Yuko mzee anayeishi peke yake Matondoni na hana ukiwa wowote, na yuko bibi mwenye wajukuu saba ambaye hajapata wa kucheka naye tangu shoga yake ahamie Mombasa. Wajukuu wanampenda, lakini hakuna anayejua kwa nini alipokuwa msichana aliitwa Chiriku. Wataalamu nao hutenganisha mambo hayo mawili, na yote mawili yana madhara.

Madhara gani? Si huzuni tu ya uzeeni?

Si huzuni tu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilisema mtu 1 kati ya 6 duniani ana ukiwa, na kwamba hali hiyo inahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka, yaani takriban 100 kila saa. Mwili wa mtu asiye na mwenzake hukaa kama unaongoja hatari: shinikizo la damu hupanda, usingizi hukatikakatika. Kisha mambo madogo hufuata. Kupika kwa ajili ya mtu mmoja kunachosha, basi anakunywa chai na mkate. Dawa ya presha anairuka, nani atamuuliza? Mwaka 2024 jopo la wataalamu lilitaja mambo 14 yanayozidisha hatari ya kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kupunguzwa. Kutengwa na watu ni mojawapo, na kutosikia vizuri pia. Kwa hiyo babu akiacha kuitikia, msimwite mkaidi kabla masikio yake hayajapimwa. Pengine ni nta tu.

Je, kundi la simu linaweza kuwa badala ya baraza?

Hapana, na anayeweza kwenda barazani aende. Kutoka Langoni hadi Mkunguni umetembea, umepata jua, na wenzako wamekuona. Jicho la rafiki huona miguu iliyovimba na kanzu iliyoanza kupwaya kabla ya daktari.

Ila magoti yana siku zake, na rafiki wa utotoni pengine yuko Malindi au Jeddah. Hapo simu ina kazi. Ninawahimiza wazee watumie ujumbe wa sauti kuliko maandishi. Macho hayachoki, vidole havitafuti herufi, na anayesikia kwa shida anaweza kurudia hata mara tatu bila aibu ya kusema "Unasemaje?" Jirani yangu huishika simu bapa mbele ya mdomo kama kisahani cha halua, akapiga kelele mpaka punda wa nje wanageuka. Hakujua kwamba ukiubonyeza ujumbe kisha ukauweka sikioni, unausikia peke yako. Sasa anajua, na mtaa umepumzika kidogo.

Jambo moja: kusoma tu bila kusema chochote hakusaidii sana. Anayepita kimya kwenye kundi ni sawa na anayepita barazani bila salamu.

Kundi letu kila siku ni tanzia. Nikifungua simu moyo unashtuka. Nitoke?

Usitoke, ombeni ligawanywe. Moja liwe la tanzia na michango, jingine la soga. Wazee huzika sana, na habari ya kifo kabla ya kulala huondoa usingizi. Zimeni milio ya simu baada ya Isha. Mwenye dharura atapiga. Kwenye kundi la soga rudisheni utani. Mnaodhani utani ni utoto, nadhani hamjauona uso wa mzee wa miaka 78 aliyetaniwa kwa jina lake la zamani.

Tunatumiwa tiba nyingi, na watu wanaomba pesa. Tufanyeje?

Habasoda na kitunguu thaumu kula ukipenda. Usiache vidonge vya presha au sukari kwa sababu ya ujumbe uliosambazwa, na usimgawie rafiki vidonge vyako hata kama ugonjwa mnauita jina moja. Mhudumu wa afya ya jamii mwenye mashine ya presha atakupima nyumbani, muulize yeye.

Kuhusu pesa: namba ya siri ya M-Pesa haombwi na mtu mwema. Walio na miaka 70 na zaidi wanaopokea shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali, kila mwezi wawe macho zaidi. Rafiki akiomba pesa kwa maandishi, mpigie umsikie sauti kwanza.

Tutajuaje kwamba mwenzetu ana hatari?

Wekeni zamu. Baada ya Alfajiri kila mmoja atume salamu kwa sauti, na wa zamu ahesabu. Asiyesikika mpaka saa tatu apigiwe. Asipopokea, anayeishi karibu aende akabishe mlango. Mwenye kabambe, simu ndogo isiyo na WhatsApp, asiachwe nje, naye apigiwe kila asubuhi.

Isikilizeni sauti yenyewe. Ulimi ukiwa mzito ghafla, maneno yakigongana, huenda ni kiharusi. Mpigieni kwa picha: atabasamu, muone kama mdomo umeenda upande, ainue mikono yote miwili, muone kama mmoja unashuka. Ishara moja tu inatosha. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na walio Siyu au Faza watafute boti kwanza, mengine baadaye. Msimpe maji, chakula wala aspirini, na msingoje upepo mbaya utoke. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu, baada ya kichwa kupigwa picha. Ndiyo maana daktari atauliza: mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi? Fungueni kundi, tafuteni salamu yake ya mwisho iliyotoka safi. Saa imeandikwa hapo chini yake.