Askari Ambaye Hakupelekwa Vitani Bado ni Askari

Upo ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mwaka nenda mwaka rudi: eti aliyevaa sare bila kupelekwa vitani alikula mshahara wa bure, na hastahili kuitwa askari mstaafu. Si kweli.

Askari hajichagulii pa kwenda. Huapa kutii amri, kisha kikosi chake hupangiwa kazi. Wengine huenda, wengine hubaki kambini. Fundi anayelala chini ya lori usiku wa manane, mikono imejaa grisi, akikagua breki kabla ya msafara wa alfajiri, hajafyatua risasi hata moja. Lakini bila yeye msafara hauondoki. Na katika majeshi ya kisasa, mafundi, wapishi, matabibu na watunza ghala kwa kawaida ni wengi kuliko wapiganaji.

Anayetaka uhakika asome sheria ya nchi husika. Ya Marekani, kwa mfano, humtambua mstaafu kwa utumishi wake na namna alivyoachishwa jeshi. Haidai awe amepigana. Watu huchanganywa na medali na baadhi ya mafao ambayo kweli hutolewa kwa waliokuwa vitani tu. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Wapo wastaafu ambao wenzao wakianza kusimulia, wao huinamisha macho kama waliodokoa heshima isiyo yao (nami nimewaona). Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Aliyekutumia mwelezee taratibu, faragha.