Je, wajua kuna wasanii wanachora ukutani bila tone la rangi?

Umeshaona gari limekaa siku nyingi bila kuoshwa, kioo cha nyuma vumbi tupu, mtu kapita kaandika kwa kidole NIOSHE? Basi sanaa yenyewe ndo hiyo. Wanaiita grafiti ya kinyume, maana badala ya kuongeza rangi ukutani wewe unapunguza uchafu, uliposugua panang'aa, ulipoacha panabaki peusi, ukirudi nyuma hatua kadhaa unakuta picha.

Sasa uchafu wenyewe unatoka wapi mpaka uwe mzito wa kuchorea? Inategemea ukuta uko wapi. Kwenye handaki la magari ni masizi, yaani injini hasa za dizeli zisipounguza mafuta yakaisha zinatema vichembe vya kaboni vidogo mno, vina mafuta mafuta, vinanasa kwenye vitundu vya zege na kwa vile mvua haifiki humo ndani vinajirundika tu mwaka hadi mwaka. Na masizi ndo yaleyale watu wametengenezea wino tangu zamani sana, kwa hiyo ukuta wa handaki ni karatasi iliyokwisha kumwagiwa wino, kazi yako ni kufuta. Nje kwenye unyevu ni habari nyingine, huko kinacholeta weusi ni viumbe hai, bakteria, kuvu na mwani vinavyojenga utando juu ya jiwe. Masizi unaweza kuyafuta na tambara, ila huo utando unataka maji ya presha.

William Kentridge wa Afrika Kusini alitumia huo utando mwaka 2016 kule Roma, kwenye kuta za mto Tiber, kipande cha mita 500 hivi, maumbo zaidi ya 80 na mengine yana kimo cha mita 10. Kinachonifurahisha ni kwamba waliegemeza ukutani stensili kubwa, yaani vipande vilivyokatwa kwa umbo la picha, wakaosha pembeni yake, ukitoa stensili kinachobaki ni umbo jeusi. Yaani ule mchoro unaoutazama ndo uchafu, kilichosafishwa ni nyuma yake tu! Mjerumani Klaus Dauven yeye alichagua mabwawa, 2007 alitoa picha za wanyama kwenye ukuta wa bwawa la Oleftal kwao Ujerumani, mwaka uliofuata akatoa picha za maua kwenye bwawa la Matsudagawa huko Japani, na hapo watu wananing'inia kwa kamba na mashine za maji mkononi. Mimi hapana, naogopa hata ngazi.

Ila stori ninayoipenda kuliko zote ni ya Alexandre Orion, wa São Paulo nchini Brazili. Mwaka 2006 aliingia usiku kwenye handaki la Max Feffer na matambara, akaanza kufuta masizi na kuacha mafuvu ya vichwa, moja, mia, mpaka maelfu, ili anayepita na gari ajue moshi wake unaishia wapi. Polisi walimsimamisha mara kadhaa, sasa wamkamate kwa kosa gani? Hajapaka kitu, hajavunja kitu, kashika tambara anafuta ukuta. Ikabidi jiji lilete magari ya maji waoshe, na wakaosha pale tu penye mafuvu! Jamaa akahamia ukuta wa upande wa pili akaendelea, nao wakaosha huko pia, mwishowe wakaamua waoshe na mahandaki mengine ya jiji. Ukitafakari utaona waliompinga ndo waliommalizia kazi.

Paul Curtis wa Leeds, Uingereza, anayejulikana zaidi kwa jina la Moose, naye aliwatia wakubwa wa jiji lake kwenye mtego huohuo, maana ukimwambia mtu aondoe mchoro wa aina hii unamwambia afanye nini, arudishe uchafu? Njia pekee ya kuufuta ni kuosha ukuta mzima, ambayo ndo kazi ulipaswa uwe umeifanya zamani. Kampuni za matangazo nazo zilinusa mapema, siku hizi wanaosha nembo zao kwenye njia za waenda kwa miguu, na hapo nakiri utamu unapungua.

Michoro hii haidumu. Masizi yanarudi, kuvu inaota tena, na picha inazama taratibu, Kentridge alijua hilo tangu mwanzo na hakutaka izuiwe. Orion ndo alipata ujanja mwingine: yale matambara aliyofutia aliyakusanya, akatoa masizi yake, akayageuza rangi nyeusi, akachorea picha nyingine kabisa.