Siga iliyokomaa ni ipi?

Siga ni msokoto mnene wa majani matupu ya tumbaku, usio na karatasi. Ikiwa mbichi, moshi wake mara nyingi hunuka amonia na kukwaruza koo, kwa kuwa majani bado yanachachuka. Wapenzi wa siga za Kuba huiacha miaka kadhaa kwenye kasha la mbao za mwerezi, nyuzijoto 18 hadi 21, unyevu asilimia 65 hadi 70, mpaka ukali upoe. (Mwerezi huo ni Cedrela odorata, mti uleule uliovamia msitu wa Kimboza, Morogoro.) Joto likizidi, mayai ya fukusi wa tumbaku huanguliwa, na siga nzima ikatobolewa vitundu.

Usichanganye na siga za Kuba zinazouzwa kwa jina la Gran Reserva. Hapo kinachozeeshwa ni majani, kwa miaka 5, kabla ya kusokotwa.

Kuikagua siga kama imekomaa, anza kwa kugeuza kasha. Siga za Kuba za miaka ya karibuni zina muhuri chini, unaotaja mwezi na mwaka zilipotiwa humo. Muuzaji anayesema tu "hii ya zamani" anakuuzia maneno. Kisha iminye kidogo: inatakiwa ibonyee na kurudi bila kutoa mlio wa jani kavu. Inuse kabla hujaiwasha. Amonia iwe imekwisha, ibaki harufu ya mbao, ngozi, pengine asali.

Moshi wa siga hushikwa mdomoni, haumezwi, ila ulaini wake usikudanganye: nikotini na madhara ya tumbaku yapo palepale.

Waonjaji huigawa siga mafungu matatu kwa urefu wake, kadiri inavyoungua, na mimi hulitilia maanani zaidi la mwisho. Siga changa hapo huwa chungu na ya moto, wakati iliyokomaa hubaki tulivu, ladha zikipokezana. Lakini kuna siga ya aina ya tatu, iliyopitwa na wakati: laini kuanzia mwanzo hadi mwisho, na haina lolote. Wengi huisifu hii kwa sababu tu haikwaruzi, kama mtu anayesifia chai ya rangi iliyokosa majani.

Umri unaofaa hutegemea majani yenyewe. Siga yenye ligero nyingi, yaani majani mazito ya juu ya mche, huvumilia miaka mingi. Nyepesi ikikaa muda huohuo huishiwa.