Eti “kata leo panda leo”: dhana potofu za kaktasi ndefu ambazo nimechoka kuzisikia

Ameniletea tena mtu kaktasi iliyooza. Safari hii ni kijana anayetunza bustani ya nyumba moja ya Wataliano kule Casuarina, kaibeba kwenye gunia, harufu imefika kabla yeye hajashuka kwenye bodaboda. Nikamuuliza ulifanyaje, jibu ni lile lile: nilikata, nikapanda siku hiyo hiyo, nikaimwagia maji isije ikakauka. Basi leo naandika, manake kwa mdomo nimeshasema sana na magunia bado yanakuja.

“Ukikata panda hapo hapo umwagie maji, isije ikakauka”

Hii ndiyo inayoniua, na najua imetoka wapi. Sisi watu wa huku tumelelewa na muhogo, unakata kipingili, unachomeka chini mvua ikianza, siku chache mbele unaona vijani vinachungulia. Bogenvilia hivyo hivyo. Kwahiyo mtu akipewa na jirani yake kipande cha sereusi, ile kaktasi ndefu ya kama nguzo, anakifanyia alivyofanya babu yake shambani, tena kwa nia safi kabisa, halafu baada ya mwezi ananipigia simu eti nimemuuzia udongo mbaya.

Jamani, kipande cha kaktasi kimejaa maji tayari. Cha urefu wa mkono kinaweza kukaa miezi kadhaa kimesimama kwenye kona ya baraza bila mizizi, bila tone la maji, na kisife, kitasinyaa tu kidogo mbavu zikatokeza. Kiu siyo shida yake. Shida yake ni kile kidonda ulichokifanya kwa kisu. Pale pana nyama mbichi na majimaji, na udongo wenye unyevu umejaa vijidudu vya kuozesha wanaosubiri mlango, Fusarium, Phytophthora na wenzao, ukikizika kidonda kikiwa wazi wanaingia mpaka kwenye pete ya mishipa katikati, na wakishaifikia pete wanapanda nayo juu ndani kwa ndani. Nje unaona kijani, unajisifu, kumbe ndani kushageuka kahawia. Siku inaanguka yenyewe ndio unajua.

Fanya hivi. Kisu kikali kilichopanguswa spiriti, kata penye afya, halafu ukingo wa chini uchonge mshazari kuzunguka kama ncha butu ya penseli. Watu wanaruka hapa, wanaona ni urembo. Siyo urembo: nyama ya katikati inasinyaa ikikauka lakini ngozi ngumu ya nje haisinyai, usipochonga unabaki na mdomo mgumu pembeni na shimo katikati, na mizizi inatakiwa itoke kwenye pete pale katikati, sasa itoke ielekee wapi ikiwa imening'inia kwenye shimo linaloshika maji? Ukimaliza kipeleke kivulini penye upepo, na kisimame wima. Ukikilaza wiki nyingi ncha inaanza kujikunja kufuata mwanga na mizizi inaweza kutokea ubavuni, unapata kitu kimepinda maisha yake yote.

Muda gani? Unene wa kidole gumba, wiki moja hadi mbili. Unene wa mkono, wiki tatu nne. Ile minene kama paja, mwezi na nusu hata zaidi. Na mkiangalia video za watu wa Arizona kumbukeni kule hewa ni kavu, hapa sisi tunaishi na unyevu wa bahari usiku na mchana, kwahiyo ongeza siku, usipunguze. Kigaga kikiiva ukikigonga kwa kucha kinalia kikavu, hakibonyei popote, rangi imekuwa ya khaki. Kikiwa bado kinateleza au kina doa la machungwa au kahawia kwenye pete, hicho kimeshaingiliwa, rudi nyuma ukate tena juu zaidi mpaka upate nyama safi isiyo na doa hata moja, na kila mkato pangusa kisu upya, usijivivu hapa.

Msimu nao una maneno yake. Mimi vipande nakata wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi mwanzoni, jua lipo, upepo upo, hewa angalau imekauka. Masika ikishaanza, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kupita yote hapa Malindi, kisu nakiweka ndani, natoa tu kwa dharura ya kuokoa iliyooza.

Halafu hata kikishakauka si lazima ukizike kwenye udongo! Nakisimamisha juu ya mkebe mtupu, kitako kinaelea tu hewani kivulini, nakisahau. Mizizi inajitokeza yenyewe kwenye pete, vincha vyeupe au vya pinki, ndio napanda sasa, udongo mkavu, kijiti cha kukishikilia, na baada ya siku chache ndio maji ya kwanza. Ukiwa huna subira ya mkebe basi panda kwenye udongo mkavu kabisa, kina kifupi tu, na usimwagie mpaka ukivute kidogo uone kinashika. Wanaopaka asali, wanaopaka shubiri, hao sijui nani aliwafundisha, unachukua kidonda unachotaka kikauke unakipaka kitu chenye maji na sukari. Salfa ya unga sawa, mdalasini wa kusaga sawa, lakini hakuna unga utakaokuondolea zile wiki za kusubiri. Homoni ya mizizi ukipenda, mimi situmii, kaktasi ndefu nyingi zinatoa mizizi zenyewe.

“Basi na ya kupandikiza niiache ikauke kwanza”

Hapana! Nikieleza hayo ya juu lazima atoke mmoja aliyesikia nusu. Kuotesha mizizi na kupandikiza, yaani kuunganisha kipande cha kaktasi moja juu ya shina la nyingine, ni kazi mbili zinazopingana. Kwenye kupandikiza unataka vidonda viwili vibichi vikutane vikiwa vimelowa utomvu wao wenyewe, dakika hiyo hiyo, vikikauka hata utando mwembamba havishikani tena. Ndio maana ukishakata shina la chini unakata tena kijisahani chembamba unakiacha pale pale juu kama kifuniko, unaenda kuandaa kipande cha juu, ukirudi unakitoa ndio unaweka. Shina la chini liwe linakua kwelikweli, limenyweshwa siku chache kabla, siyo lile limelala limesinyaa. Chonga na kingo zake mshazari, sababu ni ile ile ya ngozi kutosinyaa, itainua kipande cha juu ikitenganishe.

Na pete. Wengi wanaweka katikati kwa katikati kwa kukadiria macho, wakati kinachotakiwa ni pete ya juu iguse pete ya chini. Kama pete moja ni ndogo kuliko nyingine basi sogeza kipande pembeni kidogo zikatane mahali, ukiziweka moja ndani ya nyingine bila kugusana hata ufunge kwa mnyororo haitashika. Kwa kufunga raba bendi mbili zikipita msalaba chini ya poti zinatosha, zikaze lakini zisikate nyama, kivulini, usimwagie maji juu, wiki moja mpaka mbili unatoa taratibu.

Kuna mama mmoja wa Shela hapa hapa mjini kaniambia mwanawe anataka kupandikiza kaktasi juu ya mnyaa kwasababu mnyaa uko bure kila ua. Mama, haishiki hata ifanyweje, mnyaa ni yuforbia, ukoo mbali kabisa, ile mirefu ya porini yenye matawi ya kinara ambayo watu wanaipiga picha wakisema kaktasi nayo ni yuforbia. Kaktasi asili yake ni Amerika, ya kwetu ya asili barani Afrika ni moja tu, Rhipsalis baccifera, na hiyo haina hata umbo la kaktasi, inaning'inia kwenye miti. Kata kidogo uone: utomvu mweupe kama maziwa ukitiririka ni yuforbia, na utomvu huo ukiingia machoni ni hospitali moja kwa moja, usisugue. Kwa shina la chini tafuta Myrtillocactus, au sereusi yenyewe, au ile ya dragonfruti kwa vitu vidogo.

Na tukiwa hapo, ile ya kichwa chekundu au cha manjano inayouzwa kwenye vipoti vidogo, kichwa hicho siyo ua. Ni kaktasi nyingine, Gymnocalycium, isiyo na klorofili, Wajapani ndio walioianzisha miaka ya 1940, haiwezi kujilisha kwahiyo inaishi juu ya shina la dragonfruti, na shina lile huchoka baada ya miaka michache. Siyo wewe uliyeiua. Ukiwahi, hamishia kichwa juu ya shina jipya lenye nguvu. Ila ukiotesha kichwa peke yake unapoteza wakati. Na zile zenye ua kavu la rangi juu yake, ligeuze uangalie chini, mara nyingi ni gundi.

“Kaktasi ya jangwani, kwahiyo nipe mchanga wa ufukweni”

Kwa sisi wa Lamu na Malindi hii ni shida kubwa manake mchanga uko nje ya mlango. Mchanga wa ufukweni una chumvi, una punje ndogo zinazoshikana zikilowa hewa isipite, na una vipande vya makombe na matumbawe, yaani chokaa. Chokaa ikizidi mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma, unaona ncha mpya zinatoka za manjano, mtu anakimbilia mbolea, mbolea haisaidii. Kusuuza kunatoa chumvi lakini chokaa inabaki pale pale. Wa Lamu mnaovunja matumbawe mkaweka chini ya poti eti kokoto, hiyo nayo ni chokaa tupu.

Chukua mchanga mkubwa wa mtoni, ule wa kujengea, uchekeche utupe unga ubaki na punje, changanya na vigae au matofali yaliyopondwa, mkaa uliovunjwa, na samadi kidogo iliyooza vizuri, isizidi sehemu moja kwa tano. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanafaa lakini yaloweke na kuyasuuza kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa kwanza, nayo yana chumvi. Poti liwe na matundu. Lile poti zuri la kauri lisilo na tundu alilokupa shangazi, weka maua ya plastiki.

“Haitaki maji”

Inataka maji ikiwa na mizizi. Joto la Februari hapa na mmea unakua, mwagia mpaka yatoke chini, halafu acha mpaka ukichomeka kijiti kitoke kikavu hadi chini kabisa, ndio urudie. Kijikombe kimoja kila Ijumaa ndio mbaya zaidi, kinalowesha juu tu, mizizi ya chini inakufa. Masika inaponyesha mfululizo poti lisogeze chini ya kipenu.

Mengine ya haraka haraka. Doa la rangi ya kahawia isiyokolea upande mmoja tu, gumu, halinuki, hiyo ni kuungua na jua, uliitoa kivulini ukaiweka juani ghafla, kovu halitoki lakini haifi, next taimu izoeshe kidogo kidogo na upande uliokuwa unaangalia jua uuache uangalie huko huko. Kitako kugeuka kama gome la mti kwa kaktasi ya miaka ni uzee, siyo kuoza, kuoza ni laini. Eti inatoa ua mara moja kwa miaka mia: sereusi kubwa hutoa kila mwaka, ila linafunguka usiku na asubuhi limeshasinyaa, wewe ulikuwa umelala. Eti iweke kando ya kompyuta inyonye mionzi: hainyonyi, unainyima jua tu. Eti chumbani inakupa oksijeni usiku: usiku inafungua vitundu vyake kuvuta kabonidayoksaidi, oksijeni inatengenezwa mchana penye mwanga. Eti miba nyumbani inaleta ugomvi wa mke na mume, hapo mimi nauza mimea, sina la kusema.

Vipande mnavyopunguza msivitupe porini, tafadhali. Watu wa Laikipia waulizeni dungusi, ile kaktasi ya vibapa, limewafanya nini malishoni, na lilianza kama mmea wa fensi tu.

Na wale wanaoniulizia saguaro ile ya kwenye filamu za makauboi: sina. Mbegu zipo nje, lakini kuleta chochote cha kupanda unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na ikishaota miaka minane ya kwanza unaweza kuwa na kitu cha sentimita tatu nne, mkono wa kwanza kwao kule huchukua miaka 50 mpaka 75. Ukitaka nguzo ya kupita ukuta mtoto akiwa bado yuko shule, chukua sereusi, na kipande nitakupa kikiwa kimeshakauka.