Kwa Nini Mwendesha Bodaboda Hahesabiwi Kuwa Hana Kazi

Kila takwimu za ajira zinapotangazwa, ofisi yetu ya takwimu ya taifa hupokea malalamiko yaleyale: kwamba vijana wamejaa vijiweni, kwamba wahitimu wa vyuo wanazunguka na bahasha, na kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira tunachokitoa ni kidogo mno kuwa cha kweli. Malalamiko hayo tunayaheshimu, ingawa mengi yanatokana na kuchanganya mambo mawili ambayo wachumi wa kazi huyatenganisha, yaani kukosa kazi na kukosa mshahara.

Kijana mwenye shahada anayeendesha bodaboda huku akisubiri ajira humwambia mdadisi wetu, "Sina kazi." Kwa kipimo chetu anayo, kwa kuwa ndani ya siku 7 zilizotangulia mahojiano alifanya kazi ya kujipatia kipato kwa angalau saa 1. Kigezo hicho hakikubuniwa Dodoma wala si mbinu ya kupamba taarifa. Kimetokana na mikutano ya kimataifa ya wanatakwimu wa kazi, likiwamo azimio la Geneva la mwaka 1982, na hutumiwa na nchi tajiri na maskini. Ikiwa saa zake hazimtoshi, hilo nalo hupimwa: aliyefanya kazi chini ya saa 40 kwa wiki na yuko tayari kuongeza huingia katika kundi la wenye kazi pungufu, na jedwali lao limo katika taarifa hiyohiyo ambayo wengi hulalamika bila kuifungua.

Kwa tafsiri ya kimataifa, asiye na ajira ni yule ambaye hakufanya kazi, yuko tayari kufanya, na tena amechukua hatua ya kuitafuta. Tanzania ina tafsiri yake ya kitaifa iliyo pana zaidi, inayomhesabu pia aliyekata tamaa ya kutafuta ilhali yuko tayari kufanya kazi, pamoja na mtu wa vibarua asiye na uhakika wa kurudi kazini. Deiwaka, yaani dereva au kondakta wa kibarua, aliyeshinda kituoni wiki nzima bila kupewa gari ni mfano mzuri. Ndiyo maana kiwango cha kitaifa huwa kikubwa kuliko cha kimataifa, jambo ambalo wanaotutuhumu kwa kupunguza takwimu hawalitaji.

Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi walibadili tafsiri ya ajira yenyewe, kiasi kwamba mama anayelima mahindi ya chakula cha nyumbani tu anafanya kazi, lakini hahesabiwi tena kuwa ameajiriwa. Anayelinganisha utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006 na ule wa 2020/21 hana budi kwanza kuangalia tafsiri iliyotumika katika kila jedwali.

Katika kukokotoa kiwango, idadi ya wasio na ajira pia haigawanywi kwa watu wote. Tuseme mtaa una watu 100 wenye miaka 15 na zaidi, na 20 kati yao ni wanafunzi na wazee wasiofanya wala kutaka kazi. Hao hawamo katika nguvukazi, yaani jumla ya wenye ajira na wasio na ajira. Wakiwapo 8 wasio na ajira, kiwango ni asilimia 10, si 8.

Kuhusu mahojiano, mdadisi hufika akiwa na kitambulisho, akitambulishwa na mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Kaya huchaguliwa kwa utaratibu wa kisampuli kutoka katika orodha ya kaya zote za eneo la kuhesabia; kwa hiyo kumwelekeza kwa jirani "mwenye muda" hakusaidii, kwani jirani hakuchaguliwa. Asipomkuta mhusika, hurudi. Mdadisi amekula kiapo cha kutunza siri, na chini ya Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, mtumishi anayetoa taarifa za mtu binafsi anatenda kosa la jinai. Taarifa hizo hazipelekwi kwa watoza kodi, na kuficha genge au cherehani kwa hofu hiyo ni kujisumbua bure. Sheria hiyohiyo inamhusu pia mhojiwa: kukataa kujibu bila sababu ya msingi, au kutoa jibu la uongo kwa makusudi, nako ni kosa, ingawa tunapendelea zaidi kuelimishana.

Mdadisi akiuliza juzi ulifanya kazi kwa muda wa saa ngapi, tafadhali taja idadi ya saa. Jibu la "kutwa nzima" humlazimu kuuliza upya, siku moja baada ya nyingine, kwa siku zote 7.